Msumeno Uliokosa Cheche

Mume wangu alikuwa mkata magogo. Kwa miaka mingi aliendesha msumeno wa mnyororo katika kiwanda cha mbao cha serikali, na kiwanda kilipofungwa, wakati ule mashirika ya umma yalipokuwa yakifungwa moja baada ya jingine, aliununua uleule aliokuwa akiutumia. Siku ile waliuza kila kitu, mpaka madawati na milango. Wenzake walichukua mabati, meza za karakana, baiskeli za matarishi. Yeye alirudi nyumbani Nyakato na msumeno begani, mzito, rangi yake nyekundu imepauka, akauweka katikati ya chumba na kusema, "Kazi yangu ndiyo hii, Mama. Hii hawawezi kuifunga."

Nyumbani tuliuita mashine tu. Na kwa muda ile mashine ilitulisha kweli. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka kando ya ziwa, kila mwenye nguvu alitaka mtumbwi, na kila mtumbwi ulitaka mbao. Mume wangu alikuwa akivuka kivuko cha Kigongo kwenda Busisi na kuingia vijiji vya ndani kukata mivule na miembe ya watu. Alikaa huko wiki nzima, wakati mwingine mbili, akarudi nywele zimejaa unga wa mbao na masikio hayasikii vizuri. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikula, akalala, akanoa mnyororo, akaondoka.

Halafu macho yakaanza. Kwanza alipoteza kuona vya pembeni. Aligonga bega kwenye miimo ya milango, alikanyaga sahani iliyowekwa mkekani. Alisema ni vumbi. Nikamwambia twende hospitali, akasema akimaliza kazi ya Busisi. Akimaliza ya Busisi, kulikuwa na ya Sengerema. Alipokubali kupanda mlima ilipo hospitali kubwa, daktari alimwangalia kwa taa yake muda mrefu, kisha akatuambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ilikuwa ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Kabla ya mavuno yaliyofuata nacho kikaisha.

Mashine nayo ilikuwa imekufa kabla yake kidogo. Safari ya mwisho ilizimika ikiwa katikati ya gogo, haikuwaka tena, akaibeba hivyohivyo mpaka nyumbani. Nikaifunika gunia kwenye kona ya chumba chetu. Mimi nilikuwa nakaanga mapanki kando ya barabara, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu na kuipeleka Ulaya. Binti zetu wawili walikuwa shule. Yeye alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, siku nzima, akisikiliza watu wanavyopita.

Asubuhi moja alikuja mwanamume mfupi, mpana wa kifua, kofia mkononi. Alikuwa fundi wa mitumbwi kutoka upande wa Kigongo. Alikuwa akimtafuta fundi wa mashine, na aliposukuma mlango akamkuta mume wangu pale nyuma yake, ungo wa karanga mapajani, anabangua.

"Ni nani?" mume wangu akauliza.

Yule mgeni akaniangalia mimi, akarudi kuyaangalia yale macho. "Mimi ni yule wa mitumbwi, fundi. Ulinikatia mivule miwili mwaka juzi."

"Nakukumbuka. Kaa. Habari za Kigongo?"

"Nzuri. Kazi zipo." Akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayetaka kuondoka. "Nina miti mitano imelala, na nina watu wanasubiri mitumbwi. Mashine ipo bado?"

"Ipo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya," mume wangu akasema, akaendelea kubangua karanga.

Haikuwa kawaida yake kusema uongo. Mgeni alikunywa uji wake harakaharaka, akaaga, akasema atarudi baada ya gulio lijalo. Nilimsindikiza mpaka kwenye kichochoro, na hapo akasimama.

"Shemeji, sikuwa najua. Pole sana," akasema. "Atakubali kuiuza?"

"Ungemuuliza mwenyewe."

"Nimeshindwa. Nilikuja kumchukua twende naye kazini, sasa nianzeje kumwambia nataka mashine tu?"

Nilirudi ndani nikamweleza mume wangu maneno yote kama yalivyosemwa, kwa sababu sikuona faida ya kumficha. Vidole vyake vilisimama.

"Amesema ana kazi," akasema.

"Kazi anayo. Lakini anachotaka ni mashine."

Akasogeza ungo, akajipangusa maganda kwenye mapaja. "Ilete hapa," akasema. "Na spana, ziko kwenye ndoo chini ya kitanda."

"Ikiwaka, utafanya nayo nini?"

"Kwanza iwake."

Nilitandika mkeka uani, kwenye kivuli cha ukuta, nikaiweka mashine katikati. Yeye alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili. Niseme wazi kwamba sikutaka iwake. Nilikuwa najua anachofikiri, na kila nilipoutazama ule upanga wake mrefu wenye mnyororo wa meno nilitamani kuufunika tena gunia. Lakini alikuwa hajaniomba kitu tangu macho yafe, hata maji ya kunywa alipapasa mwenyewe. Nikashika spana.

"Anza na plagi," akasema. "Itoe, lakini usiichomoe kwenye waya. Ilaze juu ya chuma cha silinda, iguse chuma. Kanyaga mpini, vuta kamba kwa nguvu, na uangalie mdomo wa plagi. Unatafuta cheche."

Nilivuta. Nilivuta tena. "Sioni kitu."

"Uko juani?"

"Niko kivulini."

"Kinga na kanga. Cheche ndogo haionekani mchana."

Nikajifunika kanga kichwani pamoja na mashine, nikavuta mle gizani mpaka mkono ukaniuma. Hakuna. Akaniambia niisugue plagi kwa brashi ya waya na petroli, nikaisugua, hakuna. Akanituma kwa wale vijana waliotandaza bidhaa chini kando ya barabara kuu. Siku hizo ungeweza kupata kitu chochote chini pale, saa, viatu vya mtumba, tochi, vipuri ndani ya vikasha vyenye maandishi ya kung'aa. Nilirudi na plagi mpya. Ilikuwa nzuri kuitazama, kauri nyeupe kama jino la mtoto. Hakuna cheche.

"Basi siyo plagi," akasema. "Itoe kofia ya plagi. Nipe mimi waya wenyewe."

"Wa nini?"

"Nipe."

Akaushika waya ule mtupu kwa vidole viwili, mkono mwingine akauweka juu ya silinda. "Vuta."

"Utapigwa na umeme."

"Ndicho ninachotaka. Vuta, Mama."

Nilivuta nikimwangalia uso. Nilivuta mara kadhaa. Alikaa ametulia kama mtu anayepimwa homa, anasubiri, na hakuna kilichompiga. Nilimwona jinsi mabega yalivyoshuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anatamani maumivu yale kuliko nilivyomwona akitamani chakula.

Siku ya pili tukaendelea. Alisema kuna waya mwembamba unaotoka ndani kwenda kwenye swichi ya kuzimia, na kazi ya swichi ni kuupeleka umeme kwenye mwili wa mashine ili mashine ife. Kama waya ule umechubuka mahali na unagusa chuma, basi mashine inazimwa saa zote bila mtu kugusa swichi. Nikautafuta, nikaufuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikauchomoa kabisa kwenye swichi. Akashika tena waya wa plagi. Nikavuta. Hakuna.

"Basi tatizo liko ndani," akasema, na sauti yake ilikuwa imeinuka kidogo. "Tufungue."

Ndani, nyuma ya mafeni, kulikuwa na gurudumu zito lenye sumaku, limebana kwenye shafti kana kwamba limezaliwa nalo. Aliniambia nilegeze nati yake nisiitoe yote. Kisha niinue mashine kwa kulishika gurudumu lenyewe, mashine ining'inie kidogo tu juu ya mkeka. Akaipapasa nati kwa kidole gumba, akaweka kipande cha mti mgumu juu yake, akagonga kwa nyundo. Pigo moja, kavu. Uzito wa mashine ukaanguka mkekani na gurudumu likalegea mikononi mwangu, nikamalizia nati, likatoka. Alitabasamu. Nilikuwa sijaona meno yake muda mrefu.

"Kuna kichuma kidogo kwenye mfereji wa shafti. Kimekatika?"

"Kizima."

"Vizuri. Sasa chini yake. Nieleze."

"Kuna koili ya waya imefungwa na kitu cheusi. Kuna kikopo kidogo cha bati, mfano wa kifuniko cha peni. Kuna vichuma viwili vinatazamana."

"Hivyo vichuma ndiyo platini. Kile kikopo ni kondensa. Nieleze platini nyuso zake zikoje."

"Nyeusi."

"Nyeusi vipi? Ya mafuta au ya kuungua?"

Nikainamia. Sikuwa nimewahi kukitazama kitu hivyo maishani mwangu, si uso wa mtoto, si jipu. "Ya kuungua. Pembeni ni bluu. Moja ina shimo katikati, na nyingine ina kilima."

"Kilima kinaingia kwenye shimo?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kondensa imekufa. Ikifa, platini zinaunguzana namna hiyo. Lakini tuzisafishe kwanza, tuone."

Nikazisugua kwa msasa laini mpaka zikawa nyeupe na bapa. Nafasi kati yao ilitakiwa kupimwa, naye alikuwa na kipimo chake zamani, kimepotea. Akaniambia nikate jalada la daftari la mtoto, nilikunje katikati, nilipitishe kati ya zile nyuso mbili, lipite kwa kukwaruza lakini lipite. Tulirudisha gurudumu. Akashika waya.

Nilipovuta, mkono wake ulishtuka.

"Upo," akasema. "Upo, lakini mdogo. Kama siafu. Wewe umeona?"

"Sijaona kitu." Nikauchukua waya kwa kitambaa, nikaukaribisha kwenye chuma, nikajifunika kanga na kuvuta. "Nimeiona sasa. Ya njano. Nyembamba, inakwenda na kukatika."

"Ya njano haiwashi mashine. Tunataka ya bluu. Kesho nenda mjini, tafuta kondensa."

Siku zile tulizungumza kuliko miaka yote ya ndoa yetu. Jioni alikuwa ananiuliza vitu vingine ambavyo havikuhusu mashine, na mimi nilikuwa nimeshazoea kumjibu kwa undani. Mahindi ya jirani yamefika wapi? Yamefika kiunoni, yale ya karibu na mawe yamekuwa ya njano. Mwanao mkubwa sasa anafanana na nani? Anafanana na dada yako, lakini paji la uso ni la kwangu. Ziwa? Ukisimama juu ya jiwe lile la nyuma unaona magugu maji yamejaa upande wa bandari, kijani mpaka ungedhani unaweza kutembea juu yake. Alikuwa ananisikiliza ameinamisha kichwa. Usiku nilikuwa nalala nikiwa na furaha na woga, siwezi kuvitenganisha.

Mjini nilizunguka maduka ya vipuri. Yalikuwa yamejaa kuliko nilivyowahi kuyaona, redio, chupa za chai zenye maua, baiskeli mpya, na hakuna hata moja lililokuwa na kitu cha mashine yetu. Mwishowe nikafika kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye duka lake lilikuwa likiuzia kiwanda enzi zile. Lilikuwa limegawanywa kwa ubao, nusu yake sasa inauza ndoo za plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama."

Nikamwekea kile kikopo juu ya meza. Akakigeuza.

"Hii ya msumeno wa zamani. Iko wapi tena? Hakuna, mama. Watu waliokuwa wanaagiza hizi wote wamefunga." Akaniangalia. "Nani anatumia bado?"

Nikamwambia ni mume wangu, nikamweleza alikuwa kiwanda gani.

"Yule mrefu? Anakuja na unga wa mbao kwenye nyusi?"

"Ndiye. Haoni sasa."

Hakusema pole. Aliingia nyuma ya ule ubao, nikamsikia anavuta droo moja baada ya nyingine, akikohoa. Akatoka na kondensa kubwa kidogo kuliko yetu.

"Hii ya pikipiki," akasema. "Haitaingia pale ndani. Lakini mwambie aifunge nje, kwenye waya wa swichi. Waya ule unafika palepale. Ile ya zamani akate, asiiache."

Nilipomfikishia mume wangu maneno haya, alicheka pumzi moja puani. "Mzee yule. Kumbe anajua." Na kweli mara ya pili nilifungua gurudumu bila kuambiwa hatua hata moja, nikakata waya wa kondensa ya zamani, nikarudisha kila kitu. Fundi redio wa jirani alituchomea ile mpya kwenye waya wa swichi. Tukaifunga nje kwa kipande cha bati.

Safari hii pia alikataa nianze kwa kuitafuta cheche kwa macho. Alishika waya. Nikavuta, na mkono wake ukaruka mpaka ukagonga ukuta. Alikaa ameukumbatia kifuani, machozi yakimtoka, akicheka bila sauti. Kisha nikaukaribisha waya kwenye chuma, nikavuta mwenyewe.

"Nimeisikia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Imelia tik. Ni ya bluu?"

"Ya bluu."

Tukafunga ile plagi mpya, tukatia petroli na oili, nikavuta mpaka jasho likanitoka mgongoni. Haikuwaka. Haikukohoa hata. Aliinamisha kichwa, akafikiri, akaniambia niitoe plagi niilaze kwenye silinda kama mwanzo. Nikavuta chini ya kanga. Mdomo wa ile plagi nzuri nyeupe haukuwa na kitu.

"Weka ile kuukuu," akasema.

Plagi ya zamani, iliyopauka, ndiyo iliyotoa cheche. Ile mpya ilikuwa mbovu tangu kutoka kwenye kikasha chake. Tukaifunga ya zamani, na mvuto wa tatu mashine ikawaka. Moshi wa bluu ukajaa uani. Majirani wakatoka kwenye milango. Mume wangu alipiga magoti, akaikamata kwa mikono yote miwili, kidole kwenye kifyatulio, akaipandisha na kuishusha sauti, kichwa kimeinama upande. Mtoto mdogo wa jirani akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimesimama mbali. Ule uso nilikuwa naufahamu. Ndiyo uso uliokuja kuniposa. Nikajua hataiuza.

Fundi wa mitumbwi alirudi kama alivyosema. Mume wangu alikuwa amevaa suruali yake ya kazi tangu alfajiri.

"Inafanya kazi," akamwambia. "Ila nina neno. Mashine haiendi peke yake. Nakwenda nayo. Mtu wako atanielekeza mti ulipo na unapoegemea, nami nitakata. Mikono yangu inajua."

Mgeni alikuwa anazungusha kofia vidoleni. "Fundi, sisemi mikono haijui."

"Basi ngoja uone."

Kulikuwa na gogo la mkaratusi uani, nililonunua kwa ajili ya kuni. Nilimsihi. Nilimwambia, "Baba, amekuamini. Usikate." Akaniambia nishike mkanda wake kwa nyuma nimwelekeze kama amekaa vibaya. Nikaushika kwa mikono miwili. Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya mbele ya mgeni, na sikuwa na moyo huo.

Alilipapasa gogo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akakanyaga, akawasha. Mkato wa kwanza ulikuwa mzuri kweli. Ulishuka wima, kipande kikaanguka, uso wake bapa. Nilimwona mgeni akiinua nyusi. Laiti angeishia pale. Lakini alitaka kuonyesha zaidi, akasogea kukata kipande chembamba, na gogo lilikuwa limepungua uzito upande mmoja, likabiringika. Ncha ya upanga ikagonga mti na mashine yote ikaruka juu kuelekea usoni pake. Nilivuta mkanda kwa uzito wangu wote. Tukaanguka chali, yeye juu yangu, mashine ikaanguka kando ya mguu wake inanguruma. Kidole kilikuwa kimeachia, kwa hiyo mnyororo ulikuwa umesimama. Suruali ilichanika kutoka paja mpaka goti, na ngozi chini yake ilikuwa na mstari mwekundu tu, kama aliyekwaruzwa na mwiba.

Fundi wa mitumbwi alikuwa ameweka mikono kichwani. Mume wangu alijiinua, akaipapasa mashine mpaka akaipata swichi, akaizima.

"Gogo limebiringika," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Ningeliona likianza."

Akakaa pale chini, mkono juu ya mashine, mpaka ikaanza kupoa. Kisha akageuza uso kuelekea alikodhani mgeni amesimama, akakosea kidogo. "Ichukue, ndugu yangu. Kondensa ni ya pikipiki, iko nje, iangalie isigongwe. Platini usafishe kila unapoona inakataa asubuhi. Na plagi usinunue za barabarani."

"Nitakuja kukuchukua siku moja," mgeni akasema. "Uje ukae, uisikilize inavyokata. Unishauri."

"Karibu wakati wowote."

Hakuja. Simlaumu. Nadhani alisema kwa moyo safi, kisha akafika kwake na kukuta miti, na watu wanaosubiri mitumbwi.

Jioni ile nilimpikia samaki mzima, si mapanki. Alikula kidogo. Nikakaa karibu naye na kuanza kama tulivyokuwa tumezoea. Nilimwambia mawingu yamesimama upande wa Ukerewe, meusi chini na mekundu juu, na kwamba kuna mtumbwi unarudi na tanga lililoshonwa kwa magunia ya sukari.

"Acha, Mama," akasema.

"Nimesema vibaya?"

"Hapana. Inatosha tu. Usinieleze tena."

Alisema kwa upole, ndiyo maana nilimtii. Kuanzia hapo nilimjibu alichouliza, na hakuuliza mengi. Alirudi kwenye kigoda chake nyuma ya mlango. Mimi nilipata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu, nasimama kwenye maji ya barafu nikivua ngozi za sangara, na viatu vya mpira vilininyonya miguu mpaka ikawa kama ya mtu aliyezama. Niliporudi alikuwa ananitambua kwa harufu kabla sijabisha hodi.

Baadaye shemeji yangu mmoja aliyekuwa mvuvi alimletea nyavu zilizochanika ajifunze kushona. Kazi ile haihitaji macho sana, ukishajua fundo. Alijifunza polepole. Mwanzo wavuvi walimrudishia, wakisema matundu yanapishana na samaki wanapita. Alizifumua, akarudia. Alikaa na sindano ya mti na uzi kutoka asubuhi mpaka watoto warudi shule, nyavu zimemfunika miguu, na hakupata kuniambia kama anaipenda kazi ile au anaichukia. Alishona nyavu mpaka alipofariki.